Vyoo vya Laini ya Kumi na Nne

Niulize vyoo, usiniulize makanisa.
Katika mji huu wa Łódź, wa matofali mekundu
na viwanda vya nguo vilivyonyamaza,
navijua vyote, kutoka karakana hadi makaburini:
cha kituo cha mafuta, kisicho na kitasa;
cha duka la maua la Bi Otylia,
anayenipa ufunguo bila kunitazama usoni;
na kichaka kimoja, Mungu anisamehe,
nyuma ya kituo cha mwisho.
Theluji ya pale yanijua:
matone, kisha kungoja, kisha matone.

Miaka miwili niliendesha tramu na kiu.
Chai niliiacha mezani ikipoa;
Lucyna hakujua nimemchukia yeye au chai.
Usiku niliamka mara nne, mara tano,
nikipapasa ukuta kama mwizi ndani ya nyumba yangu,
na asubuhi nikasema: ni baridi.
Ni uzee. Ni bia ya Jumamosi.
Mwanamume ana majina mengi ya kuliita jambo
asilotaka kuliita kwa jina lake.

Gerwazy alisema ni kiti.
"Kiti hiki cha dereva kinaniua mgongo,"
akaandika barua kwa wakubwa, akaletewa kipya,
cha ngozi, chenye springi,
akakikalia wiki sita.
Saratani ilipandia kwenye tezi dume,
ikasafiri hadi mifupani, polepole,
ikisimama kila kituo,
na hakuna aliyeikagua tiketi.
Tulimzika Machi, ardhi ngumu kama reli.
Kiti chake nakikalia mimi sasa.

Kila Jumatatu Wiesława, fundi wetu,
huingia chini ya tramu na nyundo ndogo,
akagonga magurudumu, moja moja,
akasikiliza.
Chuma kizima huimba, anasema; chenye ufa hukohoa.
Tramu haijalalamika hata siku moja,
na bado anagonga,
na bado natia sahihi.
Jumatatu moja niliitazama ile sahihi,
nikalitazama tumbo langu:
miaka hamsini na tisa.
Nani amewahi kunigonga mimi?

Basi. Daktari Jagoda Wrona ana umri wa binti yangu.
Nilioga mara mbili. Nilivaa soksi mpya,
kana kwamba ni miguu atakayoikagua.
Akaniuliza maswali ambayo hata padri hajathubutu,
akatoa damu, akavaa glavu,
akasema, "Geukia dirishani, pumua."
Dirishani njiwa wawili waligombania mkate.
Kabla hawajaamuana, alikuwa amemaliza.
Hicho tu.
Hicho ndicho tulichokiogopa,
sisi tulioteremka milima ya barafu na breki zilizoganda.
Mficha uchi hazai, husemwa;
mimi nimezaa watatu,
na nusura uchi huo unizike.

Tezi imevimba, alisema, kama kiazi kidogo.
Dawa ipo. Ile namba ya damu
haimfurahishi wala haimtishi:
turudie baada ya miezi sita, kisha kila mwaka.
Sikuambiwa nimepona. Sikuambiwa nakufa.
Niliandikiwa tarehe,
nikaibandika jikoni kando ya bili ya gesi.
Lucyna akaisoma mara mbili,
akajaza birika.

Jana, chooni karakana, tulisimama sita,
macho kwenye vigae kama ilivyo ada,
kila mtu na kungoja kwake.
Nikaviambia vigae: "Mimi nimepimwa."
Maji yalipita kwenye mabomba. Mtu alikohoa.
Kijana Ksawery alianza kucheka, akaacha.
Kisha mzee Teofil, aliyebakiza mwaka kustaafu,
bila kugeuza shingo, akauliza:
"Huyo daktari wako,
tramu gani inafika?"