Kibaba cha Mfuto

Hospitali ya Barabara ya Anlaby, mjini Hull,
ghorofa ya tano. Mimi hulipwa kwa dakika.
Mama Nabintu wa Bukavu ameketi na koti lake,
hakulivua, kana kwamba amepita tu.

Daktari anauliza maumivu ni kiasi gani,
sifuri hadi kumi.
"Kidogo," anasema.

Nakijua kidogo hiki.
Si kile cha chumvi,
si kile cha "sogea kidogo" kwenye benchi.
Ni kidogo cha adabu, cha mgeni
aliyekaribishwa chakula na ameshaiona sufuria.
Nikamwambia daktari: kidogo.
Mama akaongeza, akitazama dirisha,
"Juzi kwenye ngazi, kidogo nife."

Neno lilelile, sauti ileile,
na sasa si kipimo, ni ukingo.
Ningelibeba lilivyo
daktari angeandika kwamba mama huyu
alikufa juzi, lakini si sana.
Nikasema: nusura. Kalamu ikasimama.
Saba, akaandika, bila kuuliza tena.

Lugha ya daktari ina mambo yake:
vya kuhesabika vina mlango wao,
vya kumiminika wao.
Sisi tuna mzizi mmoja, tunauvisha tu,
watu wengi, maji mengi, mchanga mwingi,
na Humber kule chini, matope mengi
yasiyojua kama ni ya kuhesabu au ya kumimina.
Lakini kwenye uchache wametuzidi.
Wana herufi moja, nyembamba kama sindano:
ikikaa mbele ya chache, kipo kitu, shukuru;
ikiondoka, hakuna kitu, jiandae.
Kwetu chache ni chache.
Tuna "tu," ila huja nyuma,
habari ikishauma.

Daktari anageuza kiti.
Anasema miezi. Anasema michache.
Na kabla ya neno, anakohoa.

Samahani, nikasema, rudia.
Akarudia polepole, kama kwa kiziwi,
na nadhani niliisikia ile herufi,
au nilisikia pumzi.

Shangazi yangu Mwanasiti aliuza mchele Pangani.
Kibaba cha mfuto alikipitishia kiganja
mpaka mdomo wa kopo ukaonekana wote.
Kibaba cha tele kilibeba kilima,
na punje zilizomwagika hazikurudi guniani.
Kopo lilikuwa hilohilo.
Wateja walimtazama mkono.

"Miezi kadhaa," nikamwambia Mama Nabintu.

Kadhaa! Nani alinituma?
Nimeweka kilima
juu ya kipimo cha mtu mwingine,
kisha nikajaza fomu yangu ya malipo:
dakika arobaini na saba,
hakuna baadhi, hakuna takriban.

Kituoni, kando ya kibanda cha simu cha rangi ya krimu,
upepo ulitoka mtoni na harufu ya chuma.
Alikuwa na karanga mfukoni, akanigawia,
akala zake moja moja.
"Kadhaa ni ngapi?"

Nikaanza na kidole gumba.
Nikafika cha tatu.
Basi likakata kona, taa zimewashwa mchana.

Akavishika vile vidole vyangu vitatu,
akavikunja ndani ya kiganja changu, na karanga humohumo.
"Acha," akasema. "Utanipunja."