Chini ya Sitaha

Manowari imepandishwa nchi kavu, hapa Sur,
imekalia magogo ya zege kama mgonjwa wa nyonga.
Kiingilio riali moja; wazee bure.
Mama akatoa kitambulisho kabla hajaulizwa.
"Leo uzee una faida," akaninong'oneza.

Kijana wa makumbusho, Mundhir, kanzu imenyooka,
akaanza na mzinga. Wote huanza na mzinga:
unafika wapi, unalia mara ngapi kwa dakika.
Mtoto mmoja akapenyeza mkono kwenye mtutu
akatoa ganda la pipi.

Mama hakuutazama.
"Mashine ziko wapi?"
"Ngazi ya huko ni kali, bibi."
"Mume wangu aliishuka miaka kumi na mmoja,
na alikuwa mnene."

Tukashuka kinyumenyume, mimi chini yake,
visigino vyake vikinigonga bega,
pindo la buibui kalishika kwa meno.
Kule chini: rangi mpya ya kijivu, feni moja,
na sanamu la plastiki ndani ya ovaroli
isiyo na hata tone la grisi.
"Baba yako hakuwa na pua hiyo."

Vibao kwa Kiarabu, vibao kwa Kiingereza.
Bomba la mafuta. Kipimo cha joto. Usiguse.
Mama akagusa.
Akapapasa nyuma ya bomba nene,
pale brashi ya mpaka rangi haikufika,
mkono ukasita.
"Washa simu yako."

Herufi zimekwaruzwa kwa msumari,
N zote zimegeukia nyuma
kama kwenye barua zake:
ZAHOR USININYWEE CHAI YANGU.

Mundhir akainama. Miaka mitatu anapita hapo,
akidhani ni namba za kiwanda.
Bibi yake naye alizaliwa Unguja, akasema,
ila lugha ilipofika kwao ilichoka mlangoni.
"Ni onyo la vita?"

Mama akacheka mpaka akashika ngazi.
"Vita, naam. Saa nane za usiku,
birika moja, wanaume sita,
na Zahor ndiye wa zamu."

Kijana akatoa kalamu, anataka kuweka kibao.
Chai alielewa. Yangu akaelezwa.
Lakini lile neno refu likamshinda,
akalikata vipande kama muwa:
u, si, ni…
"Hiyo *ni* ya nini?"

Mama akanyamaza kidogo.
"Hiyo ndiyo yeye.
Chai imo kikombeni, mwanangu,
lakini ikinywewa, anayepungukiwa yumo humo,
katikati ya neno."

Hakuandika. Akafunga kalamu,
akaweka kidole pale penye *ni*,
Usiguse ikimtazama.

Nje, jua la Juni limekaa juu ya lami.
Tukanunua karaki mbili kwenye kibanda cha getini.
Nikanyoosha mkono kuchukua sukari,
Mama akafunika kikombe chake kwa kiganja.