Zamu ya Jumatano

Mayai yalikuwa saba, ndani ya bakuli la bati,
yamelazwa juu ya majani makavu ya mgomba.
Nje ya kanisa, baada ya ibada ya kwanza,
mnadishaji aliyainua juu kama ushahidi:
"Sadaka ya Mama Ndeanasia! Nani anaanza?"

Akaanza Aminieli. Elfu mbili.
Mtu nyuma akasema tatu. Aminieli akasema kumi.
Vigelegele. Akalipa, akamrudishia mwenyewe bakuli lake:
"Kayale, mama. Bwana akubariki."
Ndeanasia akapiga goti moja, lile zima.
Mimi, mhazini, nikaandika: mayai, saba, elfu kumi taslimu.
Mwandiko wangu ni mzuri. Wote wanasema.

Kalamu hiyohiyo, wiki mbili kabla,
kwenye kikao cha mfongo,
ndiyo niliyolipigia mstari jina lake.
Jumatano, saa nane usiku mpaka kupambazuke:
zamu aliyoachiwa na marehemu mumewe,
naye aliachiwa na baba yake, aliyeuchimba mfereji
kwa mti uliochongwa ncha,
wakati Old Moshi nzima haina hata koleo.
Kosa lake: hakuja kuzibua tope, mara mbili.
Angekujaje, na goti lile jingine?
Aminieli akasema sheria ni sheria,
na maparachichi yake ya kwenda ng'ambo yana kiu.
Tukatazamana. Tukatazama viatu.
Nikaandika.

Jumapili ile ya mayai, somo lilitoka kwa nabii
aliyechunga mifugo kabla ya kukasirika.
Mahubiri yote siyakumbuki. Nakumbuka swali:
Mungu akiziba masikio kwaya inapoimba,
anasikiliza nini?
Sauti ya nne walicheka kidogo.
Mimi nilisikia mfereji mkavu.

Jumanne kuamkia Jumatano sikulala.
Elinaike akauliza, "Unatafuta nini chini ya kitanda?"
"Jembe."
"Saa hizi?"
"Saa hizi ndiyo zamu."
Hakuuliza ya nani. Akachukua tochi, akatangulia.

Msinifanye shujaa. Mbwa wa Aminieli wananijua,
ndiyo sababu hawakunirarua.
Kule chini Moshi mjini taa ziliwaka,
watu wa mabomba wamelala na maji yao ukutani.
Nikapiga magoti, si kwa sala;
kizibo kilikuwa chini,
mawe, matambara, gogo la mgomba,
na baridi ya maji ya mlimani iliyouma mpaka kwenye meno.

Aminieli akatoka na taa ya chemli, blanketi begani.
"Mhazini. Si wewe uliyeandika?"
"Ni mimi."
Nilitafuta neno la pili, zuri, la kanisani. Halikuja.
Nikang'oa jiwe jingine.
Akasimama pale muda mrefu.
Jembe hakushika.
Lakini taa hakuizima.

Maji hayaendi mbio gizani.
Yalichungulia kila shimo la fuko,
yakazunguka kaburi la mumewe,
yakasita penye jani, yakalibeba,
nasi tukayafuata kama watu wanaosindikiza mgeni.

Tulimkuta mlangoni, macho makavu, amevaa mabuti ya marehemu,
jembe limelala mapajani.
"Umejuaje tunakuja?" Elinaike akamwuliza.
"Sikujua," akasema. "Ni Jumatano.
Mimi zamu yangu sijaikosa hata moja.
Maji ndiyo yalikosa."
Akatupa yai moja la kuchemsha, tugawane,
kisha akaingia migombani akichechemea,
akiyaelekeza maji kwa ncha ya jembe,
huku na huku, bila haraka, kama anayewalisha watoto.

Kesho Alhamisi kuna kikao.
Watakuwepo wote, na viatu vyao.
Daftari ninalo, na kalamu ile ile.
Vidole vimevimba kwa mawe, vinatetemeka.
Jina lake nitaliandika tena, herufi kwa herufi,
na safari hii
mwandiko hautakuwa mzuri.