Jani la Mchu

Wiki ya tatu ya muhula nimeifuta ile sentensi
niliyoiandika mwaka jana kwa wino mwekundu:
Ni marufuku kuiuliza mashine.
Marufuku yenyewe ilikuwa ya mdomoni.
Waliiuliza chini ya meza,
na mimi nikisahihisha insha thelathini na moja
zenye sauti moja, zisizokohoa,
zisizokosea hata mkato.

Basi leo, maabara namba nne, Al-Khoudh,
kiyoyozi kikikoroma kama mgeni aliyeshiba,
nimesema: itoeni.
Iwekeni mezani, kando ya hadubini,
muiulize juu ya mti ulioipa Qurum jina lake.

Ilijibu kabla Yaarub hajavuta kiti.
Aya tano, safi kama kanzu ya Idi:
tezi za chumvi, utando wa seli, shinikizo la maji.
Tukaiomba picha. Ikachora
jani la mchu, sawa,
lakini chini yake mizizi imepinda kama miguu ya kaa,
mizizi ya mkoko,
mti usioota pwani hii.

Darasa likanakili.
Madaftari thelathini na moja, miguu ya kaa.
Nikajiuma ulimi. Nikaita basi la chuo.

Qurum, saa nne asubuhi, maji yamekupwa,
na kwenye tope, vidole:
maelfu ya vidole vyembamba vimechomoza wima
kama darasa lililozikwa likinyoosha mkono.
Yaarub akatazama daftari,
akatazama tope,
akatazama daftari.
"Mwalimu, imetudanganya."
"Haikudanganya," nikasema.
"Mwongo huujua ukweli kwanza."

Wadha akachuma jani, akaligeuza juani,
akalilamba.
Akakunja uso, akacheka, na wenzake wakalamba,
watoto wa watu, mapindo ya abaya yamelowa tope.
Zile aya tano zilikuwa na neno chumvi mara kumi na moja.

Usiku, Seeb, nikaiuliza kwa Kiswahili,
kile chetu cha jikoni,
ambacho tukitoka tunakiacha mlangoni pamoja na kanga:
mti huu unaitwaje?
Mkoko, ikasema, bila kusita.
Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.
"Mchu, mwanangu. Mkoko mwengine."

Ningekomea hapa, ningekuwa nimeshinda.

Lakini niliwaagiza waniletee na mazungumzo yao,
neno kwa neno, walivyoiuliza,
na ya Intisar yana kurasa kumi na tisa.
Intisar, ambaye kwa miaka miwili
nimeijua sauti yake kwenye kuita majina tu.
Saa nane na dakika kumi za usiku:
Osmosisi ni nini?
Nieleze tena.
Nieleze kama mtoto.
Samahani, tena.
Na ile mashine haikuguna,
haikutazama saa,
haikusema "tulishalipita hili wiki iliyopita,"
kama nisemavyo mimi.

Nikasoma nimesimama, chai imepoa.
Swali la arubaini na tatu:
Jani likianguka na chumvi yake,
chumvi inakwenda wapi?
Inamrudia mti?

Mimi, shahada tatu ukutani, sijui kwa hakika.
Mashine ilijua: aya tano, safi.
Chini yake Intisar ameandika maneno mawili,
Una hakika?
nayo ikaomba radhi, ikageuza jibu,
naye akauliza tena, Una hakika?
ikageuza tena.
Hapo akafunga, akalala, nadhani.
Ilikuwa karibu na alfajiri.

Sijui alama gani humpa mtu kwa hilo.
Kwenye fomu hakuna kisanduku chake.

Kesho nitamchukua hadi matopeni
na chupa ishirini za sampuli, na kalamu isiyofutika.
Mashine itakuja pia, mfukoni;
kuna kuhesabu kwingi, na mikono yetu michache.
Ila majani, atayalamba yeye kwanza.