Nyumba Kati, Sifuri

Boksi la waifai lilifika na karatasi yake ya sifa,
rangi tatu, inateleza kama ganda la tende:
"Kila chumba, kasi ile ile."
Mistari miwili imechorwa.
Wa kwao umesimama wima kama mnazi,
wa wenzao umelegea, mkia wa punda wa saa saba mchana.
Na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi:
jaribio hili limegharamiwa na mtengenezaji.

Sikucheka. Nilikwenda kutafuta miwani ya mama.

Sisemi wamedanganya.
Huenda kila namba ni ya kweli, na kiapo chake mkononi.
Lakini mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake,
na huwezi kumwambia ngoma yake hailii.
Yalia, tena vizuri.
Yalia upande mmoja.

Nikaihoji karatasi kama anavyohojiwa mposaji:
Nyumba mliyopimia ni ya nani?
Kuta zake mbao na jasi, au mawe?
Mashine ya mshindani mliiweka wapi,
mezani, au nyuma ya friji?
Mlipima mara ngapi mkaandika mara moja?
Na kile chumba kisichomo kwenye mchoro,
kina nini?

Karatasi ikanyamaza kwa adabu.

Nyumba yetu hapa Mkomani
ukuta wake ni dhiraa moja na shibiri,
matumbawe na chokaa,
kazi ya watu waliotaka ya ndani yabaki ndani.
Niliweka boksi la kwanza kidakani, kando ya kopo la majani ya chai,
la pili kwenye ngazi,
la tatu juu, karibu na tangi la maji.
Nikatembea na simu,
mpwa wangu Famau nyuma yangu na daftari.
Mlangoni, mia na kumi.
Msana wa kwanza, sitini na mbili.
Msana wa pili, thelathini, ikapanda, ikashuka.
Ndani, kumi na nne.
Nyumba kati, alikozaa bibi, na alikooshwa bibi,
kiduara kilizunguka, kikazunguka.
Andika sifuri, nikasema,
na sauti yangu ilikuwa na furaha.

Hapo nikajishika.
Furaha ya nini?

Lile boksi jingine, la bei nafuu,
linauzwa na Twalibu, mume wa dada yangu,
naye kaniahidi langu bure.
La Twalibu nililipima alfajiri,
mtaa mzima umelala, hewa yote ni yangu.
Hili nimelipima baada ya isha,
vijana kuanzia hapa hadi Langoni
wote wamo kwenye mpira.

Famau alikuwa ameona. Hakusema.
Aliandika tu saa, pembeni, kwa penseli.

Kesho tunarudia.
Saa moja, milango ile ile wazi, ile ile imefungwa.
Mimi nitayafunika maboksi kwa taulo,
Famau ashike simu asijue lipi linawaka,
asome namba kwa sauti, nami niandike hata zinazoniuma.
Na juu ya ukurasa, kabla ya namba yoyote,
kwa herufi anazoweza kuzisoma mama bila miwani:
MPIMAJI NI SHEMEJI WA MUUZAJI.

Tutaanzia nyumba kati.