Kina cha Punje ya Mchele

Lenzi niliinunua kwa Mwarami, Mtaa wa Aggrey,
ya mtumba, ina kuvu pembeni mfano wa utando wa buibui.
Aliapa haitaonekana kwenye picha.
Inaonekana. Nimeizoea.

Nafungua tundu hadi mwisho, mbili nukta nane,
nasogea mpaka kitu kinakataa kusogelewa zaidi.
Hapo kina ni kifupi:
punje ya mchele, tena mchele uliokatika.
Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu,
na pumzi yangu mwenyewe inatosha kukihamisha.
Watunzi wa zamani walipanga vina viwili kila mstari.
Mimi natafuta kimoja, nacho kinanitoroka.

Wiki ya kwanza, sisimizi juu ya chembe ya sukari.
Picha mia na arobaini. Miguu ya nyuma safi, kichwa hakuna.
Halafu kichwa, lakini si cha sisimizi yule.

Wiki ya pili, tone la masika kwenye kamba ya kuanikia,
na ndani ya tone Tabata nzima kichwa chini:
mabati, tangi la maji, nguzo ya umeme,
shati la mtu likipunga mkono.
Nikabana pumzi.
Tone likaanguka.

Alhamisi nikaenda kwa Mama Chande.
Anakaanga barazani tangu alfajiri,
na saa moja kasoro jua linapenya chini ya bati,
jua la ubavu, jua linalotaja kila kitu kwa jina.
Kitumbua kilikuwa kinashika rangi ukingoni,
viputo vya mafuta vikipanda kimoja kimoja,
na punje ya iliki imenasa pale, nyeusi.
Nikaipata ile punje.
Nikafurahi hata nikamwonyesha.

Akafuta mikono kwenye kanga,
akaishika kamera kama mtoto wa mwenzie,
akatazama.
"Na hili wingu la chungwa huku nyuma?"
"Ni wewe, mama. Ni kanga yako."
"Kumbe mimi ni wingu."
"Ni fokasi, mama, haiwezi kushika vyote..."
"Nimekusikia. Inashika kimoja."

Akageuza kitumbua. Akageuza kingine.
Akafunga vya mia tano kwenye gazeti, akarudisha chenji.
Kisha akapandisha mkono wa dera hadi kiwikoni,
akaulaza mezani, penye mwanga.
"Piga hapa."

Kovu. Refu kama kidole cha shahada,
linang'aa, lina mikunjo
kama maziwa yaliyopoa yakaota ngozi.
Nilisogea hadi joto la chuma likanigusa shavu.
Lenzi ikaenda, ikarudi, ikasita.
Nikaacha kuzungusha pete, nikajiyumbisha mwenyewe,
mbele kidogo, nyuma kidogo,
kama anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa,
nikabonyeza.

Kwenye picha hana uso. Hana kanga, hana meza,
Tabata haipo.
Kuna mstari mmoja wa ngozi, vinyweleo vitatu,
na unga uliokaukia penye mkunjo.
Akaitazama mara moja tu.
"Huyu ndiye mimi. Mtumie Chande."

Chande yuko Tunduma, anahesabu malori.
Nikamtumia, bila neno.
Tiki mbili. Tiki za buluu. Kisha kimya,
vitumbua vikaisha,
jua likapanda utosini likawa bapa, bovu, halifai kitu.
Saa nne ikaingia sauti, sekunde sita,
nyingi zikiwa honi:
"Mama... nilijua lilishafutika. Yale mafuta."

Alikuwa anasugua chuma kwa mchanga.
Hakuniomba niirudie.
"Alikuwa na miaka minne," akakiambia chuma, si mimi.
"Alitaka tu kuona kinachochemka."

Nikaifunika lenzi.
Vidole vyangu vilinuka iliki hadi jioni.