Kilo Mbili

Saa moja asubuhi, Mtaa wa Rengua, ghorofa ya pili,
kabla umeme haujabadili mawazo,
niliiachia programu ipite kwenye msimbo wa chama
mstari kwa mstari, kama mpima kahawa
anayezamisha mkono guniani
bila kumtazama usoni mwenye gunia.

Haikusoma maana. Ilihesabu njia panda:
kila *kama*, kila *la sivyo*,
kila mzunguko ulio ndani ya mzunguko.
Kikomo tulichokubaliana na Aikande ni kumi.
Mafaili yakapita, nne, saba, tatu, mbili,
kisha wekundu:
kifungu cha malipo ya mkulima, sitini na moja.

Sitini na moja!
Chai ikaisha nikikikodolea macho.
*Kama* ndani ya *kama* ndani ya *kama*,
mistari imesukumwa kulia hadi inakaribia kudondoka nje ya kioo,
mfongo uliochepushwa na kila mwenye kihamba
tangu juu Kibosho, huyu kwa jembe, yule kwa gogo la mgomba,
na maji yakifika chini
hakuna ajuaye ni zamu ya nani.

Aliyekiandika ni Anaeli Mkonyi. Amestaafu, yuko Uru.
"Futa, andika upya," alisema Aikande, "Ijumaa inatosha."
Nami nilikuwa nimeshashika mkasi wa kupogolea.

Nikasoma kwanza.
Kama mkulima amefariki na mirathi iko mahakamani,
mlipe mjane nusu, nusu isubiri.
Kama daraja lilisombwa,
tarehe ya kupokea iwe ile ya kuchuma.
Kama kahawa ililowa ndani ya lori letu, hasara ni yetu.
Hakuna maelezo popote. Miaka kumi na minne ya vikao,
ya watu waliokuja na kofia mkononi,
imefungwa humo kama stakabadhi kwenye pindo la kanga
(hiyo *kama* yangu, programu, usiihesabu).

Halafu kina cha saba, gizani kabisa:
kama namba ya mkulima ni mia nne kumi na saba,
ongeza kilo mbili.

Nikampigia. Nilisikia kuku, redio, mtu akipasua kuni.
"Mzani wa kule ulikuwa na kutu," akasema.
Mzani huo ulipimia watu mia mbili, nikamwambia,
kutu ikamwonea mmoja?
Kimya. Hata shoka likanyamaza.
"Ni namba ya mama. Alibeba kichwani hadi kituoni,
gunia lina tundu, punje zinamwagika njia nzima."
Nilidhani amekata simu.
"Zilimwagika kweli," akasema.

Kilo mbili, kila mzigo, misimu kumi na minne.
Programu haikuona wizi, wala haikuona mtoto wa mtu.
Iliona kina tu. Ilisema: hapa pana giza, mwenye macho aje.

Nikashinda nikikipasua kifungu kile,
kila kipande nikakipa jina linalotamkika:
malipo_ya_mjane. daraja_limesombwa. lori_letu_lilivuja.
Namba ikashuka, arobaini, kumi na tisa, tisa.
Aikande akapita nyuma yangu akapiga mluzi.

Cha mwisho sikukifuta. Si fedha zangu za kusamehe,
wala si siri yangu ya kutunza.
Nilikipandisha juu, kikae peke yake,
kilo_mbili_za_mama_yake_Anaeli,
mahali ambapo hata mhasibu asiyejua msimbo
atakisoma Jumatatu, kabla hajavua koti.

Nikaiendesha tena programu.
Ikaandika, kwa kijani: hakuna tatizo.